Wapangaji wa Plafo Yetu



Hii ni mara yangu ya mwisho kuandika katika gazeti letu, kwa kuwa niko finalisti, na Mungu akipenda mwezi wa 7 nitakuwa nimekwisha kutoka. Mwaka jana niliandika juu ya kuchelewa na juu ya mashati yasiyofuliwa, na wengi wenu mlicheka mkisema kwamba kapita anaandika sawasawa na vile anavyopiga kelele ku bendera. Mara hii sitaandika makosa yenu. Nitaandika habari za ndeke mdogo anayekaa juu ya vichwa vyetu, pamoja na kosa moja ambalo ni langu. Mliliona wote, kwani nililifanya mbele ya masomo nzima. Basi ni vizuri mlisome pia.

Anayesoma katika klasi za upande wa barabara anajua sauti yao. Kengele bado kulia, wao wamekwisha kuanza: tchip, tchip, tchip, sauti moja tu, bila wimbo. Wanaingia chini ya manjanja, pale ambapo ubao umeoza, na wanatembea juu ya plafo kama watu wanaohama nyumba. Sisi tunawaita tundeke tu. Walimu wanasema moineau. Katika Biblia yetu jina lake ni shomoro, na nitalitumia hilo.

Mwezi wa 10 wa mwaka 2024 joto lilikuwa kali na mvua ilikuwa haijaanza. Siku moja tukiwa katika ibada ya asubuhi, uchafu wa shomoro ukaanguka juu ya kitabu cha nyimbo cha mgeni aliyekuja kutuhubiri. Klasi za chini zikacheka. Mimi pia nilicheka, lakini ndani, kwa sababu kapita hachekaka. Baada ya ibada Baba Direktere wa nidhamu akaniita pa mlango.

– Kapita, weye njo mukubwa wa aba batoto. Utu tundeke sitaki kutuona tena humu. Mbele ya siku ya tano, yote itoke.

– Ndiyo, Baba Direktere.

Sikuuliza swali. Niseme kweli, nilifurahi, maana ilikuwa kazi inayoonekana, na kapita anapenda kazi inayoonekana. Nikachukua watoto 10 wa klasi ya saba, kwanza kwa sababu ni wepesi kupanda, pili kwa sababu hawawezi kumkatalia kapita. Nikaomba ngazi kwa sentineli. Mmoja wao, mtoto mwembamba ambaye sitataja jina lake kwani mwenyewe aliniomba hivyo, akabaki chini, mikono nyuma.

– Weye, panda.

– Yaya kapita, mule muko batoto.

– Batoto gani?

– Batoto ya ndeke. Mama yabo iko nabaletea bilulu. Beko na siku tano tu.

Wenzake wakacheka. Watu wakicheka mbele ya kapita, yeye anafikiri wanamcheka yeye. Nikamwambia apige magoti, akapiga, hakulia. Kisha nikaandika jina lake kwenye karatasi ya azabu: kukata majani nyuma ya vyoo siku tatu, kwa kukosa utii. Karatasi hiyo ilisomwa kesho yake ku bendera, na mimi ndiye niliyeisoma.

Tulitosha viota 7. Kiota cha shomoro si kitu kizuri kama kile cha ndeke mshonaji wa manjano, anayefuma kikapu na kukitundika kwenye mchikichi. Shomoro anajaza tundu tu, kama mtu anayejaza godoro. Yalianguka majani makavu, manyoya ya kuku, nyuzi za bluu na nyeupe za unifomu zetu, vipande vya mfuko wa mchele, nywele za bandia, na karatasi moja ya interrogation ya hesabu yenye alama 4 juu ya 10. Mwenyewe alijitambua akaificha mfukoni haraka. Tulicheka sana.

Kisha tukafika kwenye viota 4 vya mwisho, tukaacha kucheka. Watoto walikuwa 13. Walikuwa karibu uchi, ngozi nyekundu, macho yanaanza tu kufunguka, mdomo mpana wenye ukingo wa manjano, na kila tulipowagusa waliufungua wakifikiri ni chakula. Nikawaweka katika katoni ya sabuni. Tukawapa mkate uliolowekwa. Kesho yake asubuhi wote walikuwa wamekufa, na sentineli akawazika karibu na mti wa avoka bila kunisemesha.

Lakini kitu ambacho sijasahau ni kingine. Mchana ule ule tulikuwa katika somo la kemia. Shomoro mmoja jike akaja kwenye tundu akiwa na kiwavi kijani mdomoni. Akaingia, akatoka, na kiwavi bado anacho. Akakaa kwenye ukingo wa manjanja. Akaingia tena. Alifanya hivyo mpaka kengele, na mimi sikuandika somo lolote.

Halafu, baada ya siku 5, nyasi mpya zilianza kuning'inia katika tundu zile zile. Kwa hiyo hata ile kazi niliyotumwa sikuifanya. Niliua watoto 13, nikamwazibu mtoto mmoja, na plafo ikabaki vile ilivyokuwa.

Siku ya tatu ya azabu nilikwenda nyuma ya vyoo kutazama kama kazi imekwisha. Nilimkuta amekata majani vizuri, lakini hakuyatupa. Ameyapanga mafungu madogo juu ya ukuta.

– Mbona hautupe?

– Minabaachia, yaya. Banajenga tena.

Nikaketi. Akanitolea daftari kutoka mfukoni, lile dogo la kurasa 32, ambamo tangu mwezi wa 9 alikuwa akiandika kila tundu la masomo yetu kwa namba, nani anakaa, siku gani yai la kwanza, siku gani watoto wametoka. Mimi niko seksyo ya kemia na biolojia, mwaka wa mwisho, ninajiandaa kwa mtihani wa Serikali, na sijawahi kuandika hata ukurasa mmoja kama ule. Aliyemfundisha ni kambo yake mwanamke, anayeuza mahindi karibu na mashine ya kusaga kule Golf Météo na anakaa kutwa nzima akiwafukuza na kuwatazama.

Kutoka pale tulianza kutembea pamoja siku ya posho. Wengine mlituona mkafikiri ni mdogo wangu. Nitawaambia tuliyoyaona, kwa sababu mimi nilidhani ndeke wote wa rangi ya udongo ni kitu kimoja, na kumbe hapa petu kuna shomoro wa namna tatu, na kila namna ina mahali pake.

Wa kwanza ni huyu wa plafo, shomoro wa nyumba. Dume ana kofia ya kijivu, pembeni ya kichwa rangi ya kahawia kama kutu, na kwenye koo doa jeusi kama mtoto aliyekula makala. Jike hana doa. Yeye ni kahawia hafifu mwenye mstari mweupeweupe nyuma ya jicho, na ndiye tunayemdharau zaidi. Mtamwona pa soko, kwa wauza mikate, pa mashine ya kusaga, pa vituo vya mafuta, ku vituo vya taksi-basi. Mahali ambapo mtu hapigi unga wala hamwagi makombo, hakuna shomoro wa nyumba. Tulipanda mpaka kwenye parsela kubwa ambazo bado hazijajengwa, penye majani marefu tu na mahindi ya watu, tukatafuta asubuhi nzima, hatukumpata hata mmoja. Tuliporudi kwenye barabara, mama wa kwanza mwenye meza ya mikate alikuwa nao sita miguuni.

Wa pili ni shomoro kichwa kijivu. Kichwa chake chote ni kijivu safi, hana doa jeusi la koo, mgongo wake ni wa kutu bila mistari, na dume na jike wanafanana. Huyu ni mwenyeji wa Afrika. Ana ndugu wawili wanaofanana sana, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, na hata wataalamu wanabishana juu ya mpaka wao, basi mimi sitaingia katika kesi hiyo. Tulimpata hasa katika parsela za zamani za Golf, zile zenye miembe mikubwa, mijakaranda na nyumba za manjanja. Anakaa wawili wawili, si kundi. Anapenda tundu la mti au tundu lililotobolewa na gongonola, lakini nyumba pia haikatai.

Wa tatu si wa mjini kabisa. Nilimwona kwenye shamba la baba mudogo wangu, barabara ya Kasenga, tulipokwenda kule likizo ya Noeli. Huyo anakaa mu pori, katika ile miti ya miombo. Ana nyusi nene nyeupe, na chini ya koo tone dogo la manjano ambalo hulioni isipokuwa ameinua kichwa. Nilimtambua kwa miguu: shomoro wetu wa masomo anarukaruka kwa miguu miwili pamoja, bali yule anatembea, mguu mmoja kisha mwingine, kama mtu mzima anayekwenda ibadani. Tulipokuwa watoto, pori lilianza karibu sana na shamba lile. Sasa miti imekatwa kwa kuchoma makala, mifuko imepangwa barabarani ikingoja malori ya kuja Lubumbashi, na yule ndeke anataga katika tundu za miti mikubwa tu. Tulipika bukari kwa makala yale yale, na mimi ndiye niliyewasha moto.

Mwalimu wetu wa biolojia aliposikia habari za daftari, alituita wawili, akatuonyesha katika vitabu na katika intaneti historia ya shomoro wa nyumba. Mimi nilifikiri alikuwa hapa tangu Adamu. Sivyo. Asili yake ni mbali, upande wa Mashariki ya Kati, na inafikiriwa kwamba alianza kukaa na watu wakati walipoanza kulima nafaka, miaka 10,000 hivi iliyopita. Mwaka 2018 wataalamu walionyesha kwamba katika jeni zake kuna badiliko linalohusu kusaga wanga tumboni, katika ukoo ule ule wa jeni ambao umebadilika kwa mbwa pia, mwenzake wa nyumbani. Kwa maneno mengine, ni ndeke wa bukari.

Wazungu walimbeba mpaka New York katika miaka ya 1850. Mwishoni mwa karne ya 19 aliletwa kutoka India mpaka Durban, Afrika Kusini. Pale alikaa karibu miaka hamsini bila kwenda mbali. Kisha, kuanzia miaka ya 1950 hivi, akaanza safari: mji kwa mji, stesheni kwa stesheni, shamba kwa shamba, mpaka miaka ya 1960 akavuka mto Zambezi na kuingia Zambia. Kutoka kule mpaka Kasumbalesa si mbali kwa yule anayefuata malori ya mahindi. Ndiyo njia ile ile ya reli iliyofika kwetu kutoka kusini mwaka 1910, wakati mji huu ulipokuwa unazaliwa na kuitwa Elisabethville. Mashine ilitangulia, watu wakafuata, na ndeke akaja nyuma ya makombo yao.

Niliandika habari hizi kwenye karatasi, nikazipeleka katika mkutano wa komite ya wanafunzi mwezi wa 11, pamoja na ombi kwamba viota vyenye watoto visiguswe tena. Mmoja wa wenzangu akasimama:

– Lakini weye mwenyewe unasema ii ndeke si ya huku. Ni mugeni. Mugeni banamufukuzaka.

Watu wakacheka, naye hakusema kwa ubaya. Lakini katika nyumba yetu neno hilo halisemwi kwa kucheza. Kaku yangu, mama ya mama yangu, mwaka 1992 alilala na watoto wake ku stesheni ya Likasi wakingoja treni, kwa sababu jina lao lilikuwa la Kasai na waliambiwa warudi kwao. Mama yangu alizaliwa Likasi. Hakujua "kwao" ni wapi. Waliteremka Mwene-Ditu, na baada ya miaka mingi wakarudi, si Likasi bali hapa Lubumbashi. Sikuyasema haya katika komite. Nilisema tu kwamba hoja hiyo haitoshi, nikaketi. Leo ninayaandika, kwa ruhusa ya mama.

Na hata hivyo yule mwenzangu alikuwa na kipande cha ukweli, nisidanganye. Tundu namba 14, kwenye ukuta wa maktaba, lilikuwa la kichwa kijivu. Mwezi wa 11 shomoro wa nyumba walikuja wawili, wakapigana naye siku tatu, wakalichukua. Mtoto wa daftari alitaka kupanda kuwatosha wale wanyang'anyi. Safari hii mimi ndiye niliyesema aache. Alinikasirikia, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Mwalimu alitupa pia mfano wa China, ambao ninyi wa seksyo ya pedagojia mngefaa kuusoma. Mwaka 1958 serikali ya kule ilitangaza vita juu ya wadui wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Yule wa kwao ni ndugu wa wetu, shomoro wa miti, na kosa lake lilikuwa kula nafaka. Watu walitoka kwa mamilioni na ngoma na sufuria, wakipiga kelele ndeke wasipate mahali pa kutua, mpaka wakaanguka kwa kuchoka. Lakini shomoro anayekula nafaka ndiye anayelisha watoto wake wadudu. Nzige na viwavi wakaongezeka mashambani. Mwaka 1960 walimtoa katika orodha, wakaweka kunguni mahali pake. Katika miaka ile China ilipata njaa kubwa sana. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini kuua shomoro hakukuwasaidia. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka yule jike na kiwavi chake kijani. Bustani ya mboga ya masomo iko mita 30 kutoka tundu lile.

Kambo yangu wa upande wa baba, aliyefanya kazi chini ya ardhi Kipushi mpaka mgodi uliposimama mwaka 1993, alipenda zaidi habari nyingine. Kule Uingereza, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Frickley, miaka ya 1970 shomoro walikaa ndani ya shimo, zaidi ya mita 600 chini, kwenye mwanga wa taa, na wachimbaji wakawalisha kwa mikate yao. Jozi moja ilifanya hata kiota. Kambo alinyamaza kidogo.

– Siye kule chini tulikuwaka na panya, akasema. Nayo tulikuwa tunaiachia kipande ya mukate.

Baada ya hapo alianza kuwahesabu wa kwetu kila asubuhi, na ole wa mtoto anayechukua mpira wa kutupia mawe.

Pasta wetu naye alikuwa na lake. Alinifungulia Mathayo 10 na Luka 12, akaniambia nitazame bei. Katika Mathayo shomoro ni wawili kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka ni watano kwa sarafu mbili. Mimi nilikuwa nimesoma sehemu hizo mara nyingi, na sikuwahi kufanya hesabu. Wawili kwa moja, basi kwa mbili wangekuwa wanne. Wa tano ni nyongeza, ile ambayo mama wa soko anakutupia juu ya fungu ili urudi kesho. Na katika Luka imeandikwa kwamba hata mmoja wao hasahauliwi. Pasta hakuongeza neno, akaenda kula.

Msifikiri kwamba wako salama kwa kuwa ni wengi. London pia walikuwa wengi. Katika Uingereza shomoro wa nyumba wamepungua kupita nusu tangu miaka ya 1970, na mwaka 2002 waliandikwa katika orodha nyekundu ya ndeke wenye hatari. Sababu zinazotajwa ni nyingi, mbili zinatuhusu. Nyumba mpya hazina tundu, na bustani zimefunikwa kwa saruji, kwa hiyo wadudu wa kulisha watoto hawapatikani. Mji wa Delhi, India, uliona hatari hiyo, ukamchagua shomoro kuwa ndeke wake mwaka 2012. Sasa tembeeni Golf Plateau muangalie. Kila parsela ya zamani inayouzwa, mwembe unaanguka kwanza. Kisha ukuta mrefu wenye nyaya, paa la saruji, ua wote ni pave mpaka pa mlango. Nyumba ni nzuri, mimi pia ningependa kukaa mle. Katika avenue moja tuliyoihesabu, nyumba 8 za zamani zilikuwa na viota 11, nyumba 9 mpya zilikuwa na kiota kimoja, nacho kilikuwa ndani ya taa ya nje iliyovunjika.

Baba Direktere wa nidhamu alisikiliza yote haya amesimama. Kisha akasema kwamba hawezi kuruhusu uchafu juu ya vitabu vya nyimbo, na hapo alikuwa na haki. Tulikubaliana hivi. Chumba cha ibada kilifungwa kwa wavu wa chuma mwezi wa 12, baada ya mtoto wa daftari kuhakikisha kwamba tundu zote ziko tupu. Katika klasi hakuna kiota kitakachotolewa kikiwa na mayai au watoto. Mayai yanalaliwa siku 12 hivi, na watoto wanaruka baada ya majuma mawili. Hakuna uchafu usioweza kungoja majuma manne, tuweke ubao chini tu. Kipwa kikifika, mwezi wa 7, tundu za ndani zitafungwa. Na ili wasikose mahali, tulipiga misumari sanduku 6 za mbao za paleti, zenye mlango wa duara wa sentimita 3 na kidogo, tukazitundika ku ukuta wa nje. Mpaka Pasaka 2025 mbili zilikuwa zimeshikwa. Moja, ile ya karibu na maktaba, ni ya kichwa kijivu.

Inabaki neno moja. Rafiki zangu walinikataza: kapita akimwomba mtoto wa klasi ya saba msamaha, nani atamsikia tena ku bendera? Kwa sababu ya maneno hayo nilimwomba msamaha nyuma ya vyoo, kwa sauti ya chini, hakuna aliyesikia. Alinitazama akasema: "Ilisha pita, yaya." Lakini azabu yake niliisoma mbele ya masomo yote. Basi na hili lisomwe na wote: hakukosa utii. Aliniambia kitu cha kweli, na mimi sikupanda ngazi kutazama.

Daftari lake limejaa, nimemnunulia lingine. Wavu wa kufungia tundu za klasi umekwisha kununuliwa, uko katika depo nyuma ya mifuko ya chaki. Atakayekuwa kapita mwaka ujao asianze kazi hiyo mbele ya kumwuliza yeye tundu gani ziko tupu. Namba 3 na namba 9 huwa wanachelewa. Ngazi iko kwa sentineli.